'Na/au' katika Maandishi Rasmi ya Kiswahili: Ufupi au Ukwepaji?

1.0 Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lilipoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, sehemu kubwa ya jitihada za kukikuza Kiswahili katika sheria na utawala imeelekezwa kwenye istilahi. Kamati zimekaa, orodha zimechapishwa, na mijadala mikali imefanyika kuhusu nomino zipi zifae kubeba dhana za mahakamani, benki na ofisini. Jitihada hizo zilikuwa za lazima na matunda yake yanaonekana. Hata hivyo, limesahauliwa kundi moja la maneno ambalo halina fahari ya istilahi, ilhali mara nyingi ndilo linaloamua nani alipe, nani atie sahihi na nani awajibike. Hayo ni maneno madogo yanayounganisha mengine: na, au, ama, wala, isipokuwa.

Makala haya yanahusu umbo moja katika kundi hilo, nalo kwa hakika si neno kamili: 'na/au'. Umbo hili ni tafsiri sisisi ya 'and/or' ya Kiingereza. Linaonekana katika matangazo ya kazi, mikataba ya upangaji, fomu za mikopo na katiba za vikundi vya kuweka na kukopa. Wanaolitumia huliona kuwa dalili ya uandishi makini wa kitaalamu. Msimamo unaotetewa hapa ni kinyume cha huo. Inadaiwa, kwanza, kwamba 'na/au' ni uamuzi ambao mwandishi ameukwepa na kumwachia msomaji. Pili, kwamba hata katika Kiingereza umbo hili limepingwa na majaji na waandishi stadi. Na tatu, kwamba katika Kiswahili lina kasoro ya ziada inayotokana na sarufi ya lugha yenyewe.

Suala hili limepata uzito mpya katika miaka ya karibuni. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1 ya Sheria za Tanzania, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Kutokana na badiliko hilo, matini nyingi zilizotungwa kwa Kiingereza zimelazimika kuingia katika Kiswahili, na kila 'and/or' iliyomo ndani yake inamdai mfasiri jibu. Jibu rahisi ni kuandika 'na/au' na kuendelea. Ni jibu hilo linalopingwa katika kurasa hizi.

2.0 Asili ya umbo hili katika Kiingereza

Inafaa kuanza na wenyewe. 'And/or' haikutoka katika fasihi ya Kiingereza wala katika lugha ya mazungumzo. Katikati ya karne ya 19 ilikuwa ikitumika katika mikataba ya kukodi meli, ambamo mkodi alitaka abaki na hiari ya kuamua bidhaa atakazopakia. Mojawapo ya kesi za mwanzo zinazotajwa sana ni ile ya Cuthbert dhidi ya Cumming, ya mwaka 1855. Mkataba uliohusika ulitaka meli ipakiwe shehena kamili ya sukari, molasi 'and/or' mazao mengine halali. Ilibidi mahakama ya Uingereza iamue ni hiari gani hasa aliyopewa mkodi kwa maneno hayo. Kwa maneno mengine, miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo kabisa za umbo hili kuna ugomvi juu ya maana yake.

Karne moja ya matumizi haikuleta suluhu. Mwaka 1935 Mahakama Kuu ya jimbo la Wisconsin, Marekani, ililishutumu kwa ukali, ikalifananisha na kioja chenye nyuso mbili ambacho hata jina hakina. Katika shauri la Bonitto dhidi ya Fuerst Bros., lililoripotiwa mwaka 1944, Viscount Simon wa Baraza la Malodi la Uingereza aliliita kiunganishi cha haramu. Nao Strunk na White, katika kitabu chao cha mtindo wa uandishi kilichotoka mwaka 1959 na ambacho kimefundishwa kwa vizazi vya wanafunzi wa Marekani, waliwaonya waandishi kwamba njia hii ya mkato huiharibu sentensi na mara nyingi huleta utata.

Ni haki kueleza pia kwamba umbo hili lina watetezi katika Kiingereza, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema kwamba 'A and/or B' ina maana moja iliyokubalika, yaani 'A, au B, au vyote viwili', na kwamba likitumiwa kwa maana hiyo pekee halina kosa. Wakikubaliwa, basi kanuni ya matumizi sahihi inajitokeza yenyewe: umbo hili lifae tu pale ambapo vitu vinavyounganishwa ni viwili, ambapo kimoja kinatosha, na ambapo kuwapo kwa vyote viwili pia kunakubalika. Nje ya masharti hayo halina maana inayoweza kutetewa. Tatizo ni kwamba, kama itakavyoonyeshwa, waandishi walio wengi hulitumia bila kujiuliza iwapo masharti hayo yametimia.

3.0 Kazi za 'na' na 'au' katika Kiswahili

Anayeandika 'na/au' huchukulia kwamba 'na' ni sawa na 'and' na kwamba 'au' ni sawa na 'or'. Dhana zote mbili zina walakini. 'Na' ya Kiswahili ina kazi nyingi, na kuunganisha nomino ni moja tu kati ya hizo. Tazama mifano ifuatayo:

(1) a. Juma na Asha wamekuja.
b. Juma amekuja na Asha.
c. Barua imeandikwa na Asha.
d. Juma ana barua.
e. Na Asha amekuja.

Katika (1a) 'na' ni kiunganishi. Katika (1b) inaonyesha uandamano, katika (1c) inamtaja mtenda, katika (1d) imeungana na kiambishi cha nafsi kuonyesha umiliki, na katika (1e) ina maana ya 'pia'. Msomaji wa Kiswahili huzitenganisha kazi hizi bila taabu kwa sababu muundo wa sentensi humwongoza. Mkwaju unapoingia, mwongozo huo hupotea:

(2) Mkataba utatiwa sahihi na mwenyekiti na/au katibu.
(3) Mwombaji awe na shahada na/au uzoefu wa kazi.

Katika (2) 'na' ya kwanza ni ya mtenda, na katika (3) ni ya umiliki. 'Na' ya pili inaweza kuwa kiunganishi, au inaweza kuwa marudio ya ile ya kwanza, kama Kiswahili kinavyoruhusu: 'na mwenyekiti na katibu', 'awe na shahada na uzoefu'. Mkwaju unamtaka msomaji aiondoe 'na' ya pili na kuweka 'au' mahali pake, lakini haumwambii ni kazi gani ya 'na' inayoondolewa.

Ama 'au', lililotoka katika Kiarabu kama yalivyotoka 'ama' na 'wala', mara nyingi hudhaniwa kuwa linalazimisha uchaguzi wa kitu kimoja tu. Dhana hiyo ndiyo inayowafanya wengi waongeze 'na' mbele yake kwa tahadhari. Lakini chunguza sentensi hizi:

(4) a. Mwenye kitambulisho cha taifa au pasipoti aruhusiwe kuingia.
b. Mshindi atapewa baiskeli au redio.

Hakuna mlinzi atakayemrudisha mgeni kwa sababu amekuja na kitambulisho pamoja na pasipoti. 'Au' katika (4a) halizuii vyote viwili. Katika (4b), kinyume chake, hakuna mshindi atakayetarajia kupewa zawadi zote mbili. Neno ni lile lile. Maana ya 'kimoja tu' haimo ndani ya 'au'. Huzaliwa katika muktadha, kwa utaratibu unaofanana na ule ulioelezwa na Grice (1975), kwamba msikilizaji hufasiri alichosikia kwa kuzingatia kile ambacho msemaji angeweza kusema lakini hakusema. Hivyo, katika sentensi nyingi mno, 'na/au' haiongezi chochote ambacho 'au' peke yake halikubeba.

Na pale ambapo mwandishi anataka kuondoa shaka kabisa, Kiswahili kinacho chombo. Waandishi wa sheria wenyewe wamekuwa wakikitumia katika vifungu vya adhabu: mkosaji 'atatozwa faini au atatumikia kifungo au vyote viwili kwa pamoja'. Inafaa kuzingatiwa kwamba hata waandishi wa sheria kwa Kiingereza, wanapofika kwenye adhabu, kwa kawaida huandika kwa utaratibu huo huo. Pale ambapo uhuru wa mtu uko hatarini, mkwaju hauaminiwi. Swali la kujiuliza ni kwa nini uaminiwe pale ambapo nyumba yake au akiba yake ndiyo iliyo hatarini.

4.0 Mkwaju na upatanisho wa kisarufi

Kasoro kubwa zaidi ya 'na/au' katika Kiswahili haimo kwenye viunganishi bali kwenye kitenzi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha nafsi au cha ngeli, na kiambishi hicho hutegemea iwapo kiima ni umoja au wingi:

(5) a. Mkopaji na mdhamini watalipa deni.
b. Mkopaji au mdhamini atalipa deni.
c. Mkopaji na/au mdhamini ___talipa deni.

'Na' hudai 'wa-'. 'Au' hudai 'a-'. Katika (5c) hakuna kiambishi kinachotosheleza pande zote mbili. Hali huwa ngumu zaidi nomino zinapotoka katika ngeli tofauti:

(6) a. Kitambulisho na barua vitahitajika.
b. Kitambulisho au barua itahitajika.
c. Kitambulisho na/au barua ___tahitajika.

Hapa viambishi 'vi-', 'ki-' na 'i-' vinagombea nafasi moja. Waandishi wengine huongeza mkwaju wa pili na kuandika 'a/watalipa'. Matokeo yake ni kitenzi kisichotamkika katika sentensi yenye kiunganishi kisichotamkika.

Tatizo hili katika Kiingereza hujificha. Lugha ya mikataba na sheria za Kiingereza hutegemea sana visaidizi 'shall' na 'may', ambavyo havibadiliki kwa umoja wala wingi. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kuandika 'the borrower and/or the guarantor shall pay' na kitenzi kisimsute. Mwandishi wa Kiswahili hana maficho hayo, kwani ni lazima achague kiambishi. Na akishachagua, amekwisha kuamua bila kusema: akiandika 'watalipa', 'na' imeshinda, akiandika 'atalipa', 'au' limeshinda. Waraka wake sasa unasema jambo moja kwa kiunganishi na jambo jingine kwa kiambishi, na kila upande wa mgogoro utaona neno la kushika.

Wapo wanaojaribu kujinasua kwa kuigeuza sentensi iwe katika kauli ya kutendwa: 'Deni litalipwa na mkopaji na/au mdhamini.' Kweli kiambishi sasa kinapatana na 'deni', na tatizo la (5c) limeondoka. Lakini sentensi imerudi katika tatizo la (2), kwa kuwa ina 'na' mbili zenye kazi tofauti na mkwaju usioeleza unamhusu nani. Njia mbili zilimshinda fisi. Hapa mwandishi ana njia mbili, na zote zinarudi pale pale alipotoka.

5.0 Mkwaju katika ukanushi na katika orodha

Ukanushi unaonyesha udhaifu mwingine. Tuseme mkataba wa upangaji una kifungu hiki:

(7) Mpangaji hataruhusiwa kufuga mbuzi na/au kuku.

Kwa usomaji wa 'na', kinachokatazwa ni kuwafuga mbuzi na kuku pamoja, na mpangaji mwenye kuku peke yao anaweza kudai kwamba hajavunja sharti. Kwa usomaji wa 'au', wote wamekatazwa. Ni wazi kwamba mwenye nyumba alikusudia hilo la pili, na lugha ilikuwa tayari imempa neno lake: 'Mpangaji hataruhusiwa kufuga mbuzi wala kuku.' 'Wala' halina utata wowote. Katika sentensi za kukanusha, basi, 'na/au' haina nafasi hata moja inayoweza kutetewa, kwani Kiswahili kina kiunganishi maalumu cha kazi hiyo.

Kuhusu orodha, hesabu yenyewe inatosha. Vitu viwili vikiunganishwa kwa maana ya 'kimoja au vyote', kuna uwezekano wa aina 3. Vitu vikiwa vitatu, uwezekano hufika 7. Vikiwa vitano, hufika 31. Tangazo linalotaka mwombaji awe na elimu ya 'uhasibu, ugavi, takwimu, uchumi na/au utawala' kwa hiyo limefungua milango 31, na huenda aliyeliandika alikusudia mmoja tu: kwamba fani yoyote kati ya hizo inatosha. Kama ndivyo, maneno 'mojawapo ya fani zifuatazo' yangetosha. Aidha, katika orodha ndefu haijulikani kama mkwaju unazihusu nomino mbili za mwisho tu au zote. Mwombaji mwenye uhasibu peke yake hajui kama anastahili kutuma maombi.

6.0 Ni nani hubeba gharama ya utata?

Inaweza kudhaniwa kwamba haya ni mambo ya wanasarufi. Sivyo. Chukua katiba ya kikundi cha kuweka na kukopa yenye kifungu hiki:

(8) Fedha za kikundi zitatolewa benki kwa sahihi ya mwenyekiti na/au mweka hazina.

Kikundi kinapoweka sharti la sahihi mbili, hufanya hivyo ili mtu mmoja asiweze kuchota akiba ya wenzake. Hiyo ndiyo kinga yao. Kifungu (8), kikisomwa kwa 'au', au hata kwa ile maana inayotetewa na mabingwa wa Kiingereza, kimeiondoa kinga hiyo: sahihi moja inatosha. Wanachama waliopiga kura kuipitisha katiba huenda walisikia 'na'. Mweka hazina anayekwenda benki peke yake anaweza kusoma 'au'. Siku fedha zitakapokosekana, kila mmoja atakuwa na neno lake katika waraka ule ule.

Au chukua mdhamini wa sentensi (5). Kuna tofauti tatu ambazo 'na/au' inazifunika. Je, mkopaji na mdhamini wanadaiwa kwa pamoja? Je, mkopeshaji anaweza kumchagua yeyote kati yao na kumdai deni lote? Au mdhamini atadaiwa tu endapo mkopaji ameshindwa? Mtu anayemdhamini ndugu au jirani kwa kawaida huamini kwamba ametia sahihi ile ya tatu. Mkopeshaji huweza kusoma ile ya pili. Kati ya hizo mbili kuna nyumba ya mtu.

Mahakama zinazofuata utaratibu wa sheria uliorithiwa kutoka Uingereza zina kanuni ya kuufasiri utata wa mkataba dhidi ya yule aliyeuandika. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini humfaa anayefika mahakamani. Asiye na nauli, wakili wala muda hufasiriwa mkataba wake mezani, na anayemfasiria ni yule yule mwenye mkataba. Ndiyo maana si sahihi kusema kwamba utata huumiza pande zote kwa usawa.

Jambo la mwisho katika sehemu hii linahusu usomaji kwa sauti. Nyaraka nyingi za Kiswahili huwafikia walengwa wake kwa masikio. Katiba ya kikundi husomwa mkutanoni. Masharti ya mkopo husomewa mkopaji asiyejua kusoma. Katika Mahakama za Mwanzo za Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi kwa miongo mingi, mshtakiwa husomewa shtaka lake ili alijibu. Mkwaju hausomeki. Msomaji mmoja atasema 'na au', mwingine atatamka 'na' na kuliacha 'au', wa tatu atafanya kinyume chake. Kwa hiyo wasikilizaji watatu wa waraka mmoja wanaweza kuondoka na masharti matatu.

7.0 Hoja za watetezi

Hoja ya kwanza inayotolewa ni kwamba lugha hukua kwa kukopa, na kwamba hata 'au' lenyewe ni neno la mkopo. Hilo ni kweli. Hata hivyo, 'au', 'ama' na 'wala' yaliingia katika Kiswahili yakiwa maneno: yalisikika, yakatamkwa, yakazoeleka vinywani kabla ya kuandikwa vitabuni. 'Na/au' imeingia ikiwa mchoro. Haikukopwa kutoka katika usemi wa Waingereza, kwani hata wao hawazungumzi hivyo katika maisha ya kila siku, bali kutoka katika karatasi zao.

Hoja ya pili ni ufupi. Lakini kinachookolewa ni maneno mawili au matatu, na kinachopotea ni maana. Ufupi ni sifa ya uandishi pale tu unapomfikisha msomaji mahali pale pale ambapo urefu ungemfikisha.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito, nayo hutolewa na wafasiri. Wanasema kwamba mfasiri si mtunga sheria. Ikiwa matini chanzi ina 'and/or', mfasiri hana mamlaka ya kuamua ni ipi, na uaminifu unamtaka autafsiri utata kama ulivyo. Hoja hii inastahili heshima kwa sababu inatokana na maadili ya kazi. Jibu lake lina sehemu mbili. Mosi, mtunzi wa matini akiwapo, mfasiri ana wajibu wa kumrudishia swali. Utata uliogunduliwa na mfasiri ni utata ambao hakimu pia atakutana nao baadaye. Pili, mtunzi asipopatikana, maana iliyokubalika ya 'A and/or B' katika Kiingereza ni 'A au B au vyote viwili', na maana hiyo Kiswahili kinaitamka waziwazi. Anayeiandika hivyo hajaongeza wala kupunguza kitu. Anayeandika 'na/au' ndiye aliyeacha kutafsiri, kwa kuwa amehamisha umbo na kuiacha maana ng'ambo.

8.0 Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo, inapendekezwa kwamba waandishi na wafasiri wa maandishi rasmi waliondoe umbo 'na/au' na badala yake wachague, kulingana na kusudio, mojawapo ya njia zifuatazo:

(a) Vyote viwili vikihitajika, iandikwe 'A na B', na pale penye hatari ya kusahauliwa iongezwe 'kwa pamoja': 'kwa sahihi za mwenyekiti na mweka hazina kwa pamoja'.

(b) Kimoja kikitosha na cha pili kisikatazwe, iandikwe 'A au B', au 'yeyote kati ya', au 'mojawapo ya' ikiwa orodha ni ndefu.

(c) Kimoja tu kikiruhusiwa, iandikwe 'ama A ama B', na iongezwe 'lakini si vyote viwili' palipo na shaka.

(d) Kimoja au vyote vikiruhusiwa na ni muhimu jambo hilo litajwe, iandikwe 'A au B au vyote viwili'.

(e) Pakiwa na utaratibu wa nani atangulie, utajwe: 'Mkopaji atalipa deni, akishindwa, mdhamini atalilipa.'

(f) Katika ukanushi, litumike 'wala'.

Kila moja ya njia hizi ina upatanisho wake ulio wazi wa kitenzi, na kila moja inasomeka kwa sauti. Kipimo hicho cha pili ni rahisi na hakihitaji mtaalamu: sentensi ya waraka rasmi isomwe mbele ya mtu asiyeushika waraka huo mkononi, kisha aulizwe ni nani anayetakiwa kufanya nini. Asipoweza kujibu, sentensi irudishwe kwa mwandishi.

Aidha, inafaa idara zinazofundisha tafsiri na uandishi wa kitaaluma ziyape maneno unganishi nafasi inayostahili katika mitaala yao. Mwanafunzi hutumia muhula mzima kujifunza namna ya kuunda istilahi, lakini ni nadra kuulizwa tofauti kati ya 'au' na 'ama... ama' katika kifungu cha mkataba. BAKITA nayo, ambayo kazi zake ni pamoja na kusimamia ubora wa tafsiri, ingeweza kutoa mwongozo mfupi wa viunganishi katika maandishi ya sheria na utawala. Ukurasa mmoja ungetosha.

9.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba 'na/au' ni tafsiri sisisi ya umbo lililoanzia katika karatasi za kibiashara za Waingereza na ambalo majaji wao wenyewe wamelilaumu, kwamba linapingana na upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili, kwamba halitamkiki, na kwamba gharama ya utata wake huwaangukia zaidi watu wasio na uwezo wa kuupeleka mahakamani. Imeonyeshwa pia kwamba kila maana inayokusudiwa na wanaolitumia ina njia yake ya wazi katika Kiswahili.

Kiswahili kilipigania kwa miaka mingi nafasi ya kuwa lugha ya sheria nchini Tanzania, na hoja kuu ya waliokipigania ilikuwa kwamba mwananchi aielewe sheria inayomhukumu. Hoja hiyo haitatimizwa kwa kubadilisha nomino peke yake. Sheria au mkataba ulioandikwa kwa maneno ya Kiswahili lakini ukaacha swali la nani anayewajibika likining'inia kwenye mkwaju bado haujamfikia msomaji wake. Vifungu vinavyoendelea kutafsiriwa vitatumika kwa miaka mingi ijayo, na ni rahisi zaidi kumuuliza mwandishi leo alikusudia nini kuliko kumuuliza hakimu baada ya nyumba kupigwa mnada.